Msafara Uliokwama Malagarasi

Alhamisi, 10 Julai 1969

Mimi ni mke wa mtu! Naandika tena kwa sababu inapendeza: mke wa Eustace, karani wa stesheni hapa Tabora. Leo alfajiri amepiga pasi shati lake mwenyewe ili mimi nisichoke. Nani mwingine ana mume kama huyu? Hakuna.

Mengine si mazuri sana. Msafara wangu umekwama. Mchezo huu niliubuni mwenyewe nikiwa kidato cha nne, na sijaona mwingine wenye akili kama huu. Tuko wanne. Kila mmoja ana mtu wake katika msafara wa zamani, kwa miguu kutoka Tabora hadi Ujiji. Kila mmoja anaandika mtu wake anafanya nini, ananitumia kwa basi. Mimi naunganisha yote yawe habari moja, nawarudishia. Mimi ndiye kirangozi: natangulia, naamua. Sheria yangu ni moja: hatuondoki mpaka kila mtu amejibu.

Sasa tuko ukingoni mwa mto Malagarasi tangu kabla ya harusi yangu. Nguo za kulipia mitumbwi zimo katika mzigo wa Mzee Kibwana, Mzaramo mnene mwenye maneno mengi. Mzee Kibwana ni mtu wa Damas, aliyeko kijijini Puge. Na Damas kanyamaza. Kimya!

Getruda, mwalimu kule Igunga, ameleta salamu kali. Eti shoga, ndoa imekulewesha? Watu wazima wanatazama mto mmoja mpaka viboko wamewazoea! Wiki ijayo tusipovuka, kirangozi atakuwa yeye. Yeye! Aliyekuwa akinakili hesabu zangu!

Jumamosi, 12 Julai

Nimepata dawa. Mzee Kibwana ameshikwa na homa! Hawezi kusema, anabebwa kwa machela, nguo zinatoka mzigoni, tunavuka. Mwenye mtu wake haumii, wenzake hawangoji. Hata nilijipigia makofi.

Frateri Silasi, mwenzetu wa nne, akaja kwa baiskeli kutoka seminari ya Kipalapala, akala wali wetu, akasoma. Akauliza nani atambeba. Nikasema mpagazi Mabruki, yaani mtu wake yeye. Akanikumbusha kwamba ni mimi niliyeandika kuwa Kibwana akikaa kwenye kigoda, kigoda hulia. Hapo hapo mezani akachukua kalamu: Mabruki amevunjika mgongo.

Sasa tuna wagonjwa wawili na mto ule ule.

Jumatatu, 14 Julai

Kwa nini sikufikiri mapema? Ninaye mume! Nimemwomba Eustace amchukue Mzee Kibwana mpaka mwenyewe atakapojitokeza. Akakubali mara moja. Akakaa, akakunja mikono ya shati (mikono ile!), akaandika kama wanavyoandika simu za stesheni: KIBWANA KAPONA. KAVUKA SALAMA NA NGUO ZOTE. WENGINE WASUBIRI.

Nilimweleza kwa upole kwamba Mzee Kibwana hajawahi kusema jambo lolote kwa ufupi hivyo. Akasema ni homa.

Labda ningebadilisha pale kwenye "wengine wasubiri". Lakini mke gani anamsahihisha mumewe wiki za kwanza? Nimepeleka kama yalivyo.

Alhamisi, 17 Julai

Hawajafurahi. Getruda anauliza kama walichangia harusi yangu ili waje kuibiwa na bwana harusi. Silasi anasema hata Yuda aliaga kwa busu.

Basi. Nimetoa hukumu. Mamba! Mzee Kibwana akifika ng'ambo, mamba anamvuta mguu, mzigo unaelea hadi kwetu. Mwenye kutoweka ametoweka, nguo tunazo, njia nyeupe. Nililia nikiandika, ilivyokuwa nzuri. Eustace amehuzunika kidogo. Ndiye mtu wake wa kwanza kufa.

Jumapili, 20 Julai

Nilisahau utani. Mimi! Niliyeona kwa macho yangu Mzaramo wa stesheni amelikalia sanduku langu siku ya harusi mpaka tukamtoa kwa kumlipa jogoo!

Mtu wa Getruda ni Bi Mahona, Mnyamwezi halisi. Kibwana Mzaramo. Watani! Getruda anauliza ni wapi katika nchi hii mtani alikufa na mtani wake akarudi nyumbani mikono mitupu. Kwa hiyo Bi Mahona amejipaka majivu, amevaa kanzu ya marehemu, amelala katikati ya njia akicheka matanga yote, na amechukua nguo zote. Analipia mitumbwi yeye. Na anayewavusha watu ndiye anayewatangulia. Nilimwendea Silasi anitetee. Akasema ameanza kusoma teolojia, lakini kwenye utani hata askofu hukaa kando.

Jioni nani yuko mlangoni? Damas! Na gunia la karanga, zawadi ya harusi. Kumbe walikuwa wanachuma pamba ya shamba la Ujamaa, hana hata nguvu ya kushika kalamu. Akauliza Kibwana wake hajambo. Nikamwambia hajafa, amepumzika ndani ya mamba.

Damas alicheka mpaka akashika mwimo wa mlango. Akasema kijijini kwao mtu akiugua, jirani anachuma mstari wake na kumwekea pamba yake pembeni. Hawamtupi mtoni, dada yangu. Kisha akaomba mtu mpya. Kwa Getruda!

Jumatano, 23 Julai

Kirangozi Getruda ameleta habari yake ya kwanza. Wamevuka. Mimi nimepewa mtu: mchota maji. Naombwa kueleza, kwa heshima, anachota wapi.

Nimesoma, nikatabasamu. Sijibu! Sheria yangu wameiweka vile vile: hatuondoki mpaka kila mtu amejibu. Watakaa pale na kiu yao mpaka waje kunibembeleza nirudi mbele. Eustace amesema nina akili sana. Au amesema "sawa". Kwa sauti yake ni kitu kimoja.

Jumamosi, 2 Agosti

Hakuna neno. Hata moja! Nimepita kituo cha basi, kondakta wa Igunga akasema kwangu hapana kitu, ila ana bahasha nene za kwenda Kipalapala na Puge. Bila shaka wanashauriana namna ya kuniomba radhi. Jambo kubwa hivi haliwezi kuandikwa kwa haraka.

Eustace, kipenzi changu, aliuliza taratibu kama hawajaondoka. Nilimbusu. Mtu wa reli ataujulia wapi mchezo? Nikamweleza: wakinyamaza hivi, ni heshima. Wanaogopa kuniudhi.

Nimemtuma alete sukari na majani ya chai. Watakuja wote watatu kwa pamoja, nawajua. Nitawasamehe, lakini si mara moja.