Spika ya Mianzi na Ndama wa Nyanda

Jumatatu, 28 Juni 1976

Hili sijamwambia mtu. Hata padre sikumwambia Jumamosi kwenye kitubio. Nilimpa uvivu na hasira, zile dhambi mbili ninazompa kila mara, akaridhika. Basi daftari, pokea wewe: redio ya Baba haikufa yenyewe. Niliiua mimi! Alhamisi, Baba akiwa porini kwenye mizinga yake ya nyuki, nilifungua kifuniko cha nyuma kwa ncha ya kisu, nikakata waya mbili kwa wembe, nikatoa spika. Nikarudisha kifuniko. Nikafuta vumbi. Hilo la vumbi najuta, maana redio yetu haijawahi kuwa safi.

Si wizi. Nimeiua ili niifufue. Saba Saba kuna dansi uwanjani, na balozi wetu wa nyumba kumi amesema atakayeleta muziki wenye sauti kubwa ndiye atakayepiga. Kila mtu anamtazama Stanslaus, mtoto wa mjomba. Amerudi kutoka Mpanda mjini na suruali ya bugaluu inayofagia barabara na mashine ya santuri ya kushika mkononi. Ananiita bwana mdogo. Amenizidi miaka miwili tu!

Na Minza anacheka Stanslaus anapoongea. Minza ni binti wa Nyanda, jirani yetu Msukuma aliyehamia na ng'ombe mwaka juzi. Jana kanisani alinisalimia: hujambo Kalisti, likizo njema? Nikamjibu: asante. Nikaondoka. Kidato cha pili, lugha mbili kichwani, na kilichotoka ni asante.

Kwa hiyo itasema spika. Saba Saba nitasimama mbele ya wote na redio iliyokufa, niiunganishe na spika kubwa ya mianzi nitakayoitengeneza, na iimbe kuliko Stanslaus na bugaluu lake.

Jumatano, 30 Juni

Mianzi nimekata bondeni. Nikaipasua, nikaipanga duara kama pipa dogo, nikaifunga kwa kamba za magome. Mbele nikaipachika spika ya redio. Nyuma tundu moja la kidole gumba ili sauti ipumue. Mwalimu wa fizikia alilieleza hilo kwa Kiingereza, na katika darasa zima niliyeliandika ni mimi peke yangu.

Shida ni mianya. Gundi hakuna. Nikapika uji mzito wa muhogo, nikapaka kila mahali, nikaenda kunywa maji. Niliporudi kuku walikuwa wamekula gundi yote na wanaugonga mwanzi kwa midomo wakidai nyingine.

Nikachukua nta ya Baba. Nikaiyeyusha, nikaziba kila ufa. Kazi safi! Mama akapita, akasimama, akasema mzinga mzuri, ila mdogo, nyuki watabanana. Nikasema si mzinga, ni kazi ya shule. Akasema afadhali, siku hizi shule inafundisha cha maana.

Jioni Baba amerudi na mawe ya redio, betri sita, mpya. Amezipanga, amewasha. Kimya. Ameipiga kofi. Kimya. Amekaa kwenye kigoda akiitazama kama mgonjwa. Ndiyo inayomletea matangazo ya vifo vya ndugu zake wa Usevya, na ndiyo pekee inayoongea naye. Sisi hatuongei naye sana.

Kisha akasema: ni Nyanda. Nyanda aliiazima ile Jumatano kusikiliza mpira. Ndiye mtu wa mwisho kuishika.

Nilikuwa nakula ugali. Niliendelea kula ugali.

Ijumaa, 2 Julai

Baba hayupo. Nimeijaribu. Waya za dainamo ya baiskeli ya zamani, nyekundu na nyeusi, kutoka redio hadi spika. Imeongea! Sauti nzito, pana, kama askofu. Msomaji wa habari aliyekuwa na mafua miaka yote amepona ndani ya mianzi yangu. Dakika nne nimekuwa mtu mkubwa. Nimeinama kidogo kulia na kushoto, kuwapokea watu wasiokuwepo.

Kisha nimesikia Mama anakuja. Nimekata waya upande wa redio, mkia wote nimeuacha kwenye spika.

Naweza kuirudisha spika leo. Nimeliwaza hilo. Lakini Saba Saba ni siku tano tu. Nyanda ni mtu mzima, atavumilia siku tano.

Jumapili, 4 Julai

Baada ya misa, kikao kwa balozi. Mimi nilikuwa karani, kwa sababu nina mwandiko. Nimeandika kesi ya mtu asiye na hatia kwa mwandiko mzuri sana.

Baba akasema redio ilikwenda kwa Nyanda ikiwa hai. Nyanda akasema na ilirudi hai, jirani, niliiwasha mlangoni kwako, ukaisikia, ukasema karibu tena. Baba akakohoa. Baba anakumbuka! Lakini watu walikuwa wamejaa, na kurudi nyuma mbele ya watu Baba hawezi. Mmoja nyuma akasema nyie Wasukuma mnajua kushika fimbo tu, redio mnaitakia nini? Wakacheka. Nyanda hakucheka.

Balozi akaamua: Saba Saba redio ifunguliwe mbele ya wote, na mfunguaji awe Stanslaus, mtaalamu kutoka Mpanda. Mtaalamu! Anauza chumvi kule!

Nilipokuwa nakunja karatasi Minza akanifuata. Akasema: Kalisti, wewe umesoma, na kwenu wanakusikiliza. Waambie baba hakuiharibu. Alisimama karibu kabisa.

Nikasema: tutaona.

Tutaona! Nimepanda kutoka neno moja la aibu hadi jingine.

Lakini mpango sasa umekuwa mzuri zaidi. Stanslaus atafungua, atakwama, mimi nitatokea na spika, redio itaimba, Nyanda atakuwa safi, Minza atajua nani amemwokoa. Siku tatu tu.

Jumatatu, 5 Julai

Mama anaitaka spika yangu iwe kiota cha kuku anayeatamia. Nimeihamisha. Nimepanda mti wa mtundu ulio nyuma ya jiko, nikaifunga kwenye panda ya tawi, juu, ndani ya majani. Hapo hakuna atakayeiona. Nimeshuka nikiwa na furaha.

Jumanne, 6 Julai

Mimi ni mtoto wa mrina asali. Babu alikuwa mrina asali. Kwetu mtoto hajajua kufunga kaptula anajua hili: ukitaka nyuki waje, tengeneza kitu cha duara chenye giza, kipake nta, kiachie tundu dogo, kitundike juu ya mti. Na ukitaka waje haraka, fanya hivyo mwezi huu, watu wanaporina na makundi yanahama ovyo kutafuta pa kukaa.

Wamehamia jana ileile.

Nilipanda kuishusha saa nne asubuhi, jua limewaka, bila moshi, maana Baba alikuwa hayupo na sikuwa na siku nyingine. Nilifika kwenye tawi la pili. Jicho la kushoto sasa limefunga. Mdomo wa juu umefika puani. Mama amenipaka majivu, akaniuliza ulikuwa unatafuta nini kule juu. Nikasema elimu.

Jumatano, 7 Julai. Saba Saba

Redio ilifunguliwa baada ya hotuba. Stanslaus alichukua bisibisi, akavua saa, akakunja mikono ya shati. Akachungulia ndani. Muda mrefu. Kisha akasema humu hamna kitu. Akaionyesha kwa watu wote: tundu la duara, na waya mbili zilizokatwa sawasawa. Akasema hii haikuharibika, wandugu, hii imechinjwa.

Wote wakamtazama Nyanda.

Hapo ndipo ningesema. Mdomo wangu ulikuwa umevimba, hilo ni kweli. Lakini haukuvimba kiasi hicho.

Nyanda aliinuka polepole. Akasema: mimi ni mgeni hapa, sitaki kesi na mtu ninayechota naye maji kisima kimoja. Jioni nitaleta ndama. Lakini redio yako, Kasimiri, niliirudisha inaimba. Akaondoka, na mkewe, na watoto. Minza alikuwa wa mwisho. Hakumtazama baba yake wala Stanslaus. Alinitazama mimi.

Stanslaus akapiga santuri mpaka jua likazama. Baba hakucheza. Ndama aliletwa, jike, mwekundu, na Baba akampokea bila kumtazama Nyanda usoni.

Alhamisi, 8 Julai

Baba ameona nyuki. Amefurahi! Kundi kuja lenyewe mpaka nyumbani, amesema, ni baraka, na mzinga wa mianzi hajawahi kuuona maishani. Nani kautengeneza? Mama akasema ni Kalisti. Baba akaweka mkono begani mwangu. Miaka kumi na sita, mara ya kwanza. Akasema: nilidhani shule imekupoteza, kumbe damu ipo.

Nilitaka mkono ubaki pale. Ndiyo sababu nilinyamaza. Naiandika hivyo hivyo ilivyo.

Ndama hataki kwetu. Leo ametoroka kurudi kwao mara mbili, na mara mbili Minza amemrudisha. Mara ya pili alisimama chini ya mtundu akimfunga kamba, akainua uso. Mchunga ng'ombe huona mbali. Akakaa akitazama juu. Kisha akaniuliza, polepole kabisa:

"Kalisti, nyuki wenu wanatumia waya?"

Nyekundu na nyeusi. Zinaning'inia chini ya majani kama mkia.

Nikamjibu: asante.

Ijumaa, 9 Julai

Baba amesema mzinga wangu ni mdogo, nyuki watauhama. Leo jioni atawapulizia moshi, ataupasua huu, awahamishie kwenye mzinga wake mkubwa wa gome. Na mimi nimshikie, kama mwana na baba.

Nimekaa tangu mchana nikifikiri. Ziko njia mbili. Ya kwanza ni kumwambia sasa, ndama arudi kwao, Baba aende kwa Nyanda kuomba radhi. Nimeiandika ili ionekane niliifikiria.

Ya pili ni nzuri zaidi. Stanslaus amelala kwa mjomba, mashine yake iko barazani, na ndani yake mna spika. Nikiichukua, nikaifunga kwenye redio ya Baba kabla hajapasua mzinga, redio itaimba. Ikiimba, nani atauliza spika ya kwenye mti ni ya nani? Nitasema niliiokota shuleni. Na mashine ya Stanslaus ikinyamaza, watu watasema ni nani aliyeishika mwisho. Aliyeishika mwisho ni balozi, aliiazima jana. Huo ni mpango! Wembe ninao. Gundi safari hii

Mtu anakuja. Nasikia harufu ya moshi, ni Baba na mwenge wake. Lakini hatua ni za watu wawili. Na kwato. Ndama anarudishwa tena, na Baba anamuuliza binti anayemleta, waya? waya gani, mwanangu?

Wamefika mlangoni. Daftari chini ya godoro. Wakiniuliza, nilikuwa nasali