Watoto wa Injinia Waya

Basi bwana, Injinia Waya hakuwa injinia, na mtandao aliokuwa akiuza haukuwa na waya. Jina lilimganda tu kama tope kwenye kiatu. Siku hiyo anapita mtaa wa wenye nazo, mkoba begani, macho yanazurura, mara akamsikia bibi mmoja anagombana na taa.

"Waka! Waka basi, kaidi mkubwa wewe!"

Akachungulia getini. Loo! Nyumba ndefu kama treni, imejaa vyombo vya kisasa: taa za kuamrishwa kwa sauti, mapazia ya kujivuta, redio, mashine ya kufagia inayojiendesha, na mlango wa stoo wa chuma usiotaka funguo. Wanawe walimtumia kutoka ng'ambo, na hakuna hata kimoja kilichomtii.

"Mtandao unaishia sebuleni, mwanangu," bibi akalalamika. "Huko nyuma hata harufu yake huipati. Na stooni ndiko iliko dhahabu yangu ya harusi."

Injinia akameza mate. Dhahabu! Akajikaza asicheke.

"Bibi, wewe unahitaji mama na watoto."

"Watoto ninao. Ndio walionitia kwenye balaa hili."

"Siyo hao. Kisanduku kikubwa cha sebuleni ndiye mama. Vidogo viwili ni watoto, mmoja ukumbini, mmoja stooni. Mama anamwita mtoto, mtoto anamwita mwenzake, nyumba nzima inakuwa wavu mmoja."

"Hawatagombana?"

"Wamelelewa vizuri, bibi."

Akavifunga. Mama, wa kweli. Mtoto wa ukumbini, wa kweli. Ila wa stooni alikuwa ganda tupu lenye kitaa cha kijani ndani, mzuri wa sura, bubu. Mwenyewe halisi akabaki mkobani kungoja mteja. Hata kitasa cha ndani cha mlango wa stoo akaking'oa. "Hiki urembo tu, bibi." Jioni alishakiuza.

Sasa, kila chombo kilitaka kipewe jina, na Injinia kuandika kulikuwa kunamchosha kuliko kubeba mawe. Akaviita vyote "mtoto". Taa mtoto, pazia mtoto, mlango mtoto. Na kwenye simu yake mwenyewe akajiandikisha kuwa ndiye mwenye nyumba. Hapo ndipo alipovimba kichwa!

Kesho yake mchana bibi akavuka kwenda kwa jirani kunywa chai, mlango wa mbele kauacha wazi. Injinia huyo, mbio mpaka ukumbini, akaweka mkoba chini ili ajitanue vizuri, akainua simu mbele ya stoo.

"Fungua mtoto!"

"Watoto wote?" simu ikauliza kwa adabu.

"Ndiyo, upesi!"

Mlango wa stoo, ulioguswa na mtandao wa ukumbini, ukafunguka. Naam, na mapazia yakafunguka, taa zikawaka, redio ikafungulia taarabu mpaka vigae vikatetemeka, na mashine ya kufagia ikatoka chini ya kochi ikamvamia kisigino. Injinia akarukia ndani ya stoo, mguu mmoja bado kizingitini, akapiga kelele:

"Funga! Funga mtoto! Wote! Wote!"

Kimya. Kila kitu kikatii. Mlango nao ukamsukumia ndani, kaka!

Akashika simu. Mtandao hamna, chuma kimeuzuia. Bando lake liliisha zamani, tangu jana alikuwa anakula la bibi. Akapapasa kitasa, akakumbuka alishakiuza jana. Kwenye kona, yule mtoto bubu anamkonyezea kijani.

Mara viatu vya bibi.

"Nani huko aliyekuwa anaimba taarabu nyumbani kwangu?"

"Mimi, bibi. Injinia."

"Stooni wafanya nini, baba?"

"Namkagua mtoto."

"Anaendeleaje?"

"Amelala."

"Mwamshe basi akufungulie."

Huko nje Injinia akasikia zipu ya mkoba wake. Bibi akacheka, akacheka, mpaka akakaa chini. Kisha mkono wake ukapenya kwenye tundu la hewa la ukutani ukiwa na kisanduku.

"Pokea mwanao. Ulimsahau mkobani."

Injinia akakichomeka kwenye umeme, mtandao ukaamka.

"Usifungue!" bibi akafoka. "Jirani yuko mlangoni na mwiko wake. Kwanza, nani mwenye nyumba?"

"Wewe, bibi."

"Basi andika jina langu."

Akaandika, simu ya bibi ikaitikia. Kisha, kimoja kimoja, Injinia amechuchumaa juu ya sanduku la dhahabu asilothubutu hata kuligusa, akavipa vyombo vyote majina ya kueleweka: taa ya jikoni, pazia la chumbani, redio. Vidole vikamuuma.

"Umebaki huu mlango, bibi. Tuuite nani?"

"Mpe jina lako, mwanangu. Ukisahaulika itakuwa dhambi."

Akaandika huku machozi yanamlengalenga. Bibi akainua simu yake.

"Injinia Waya, jiachie!"

Mlango ukafunguka, Injinia akatoka mbio, mwiko nyuma yake, mashine ya kufagia nyuma ya mwiko. Na mpaka leo bibi akienda kulala huaga stoo yake kwa upole: "Injinia Waya, funga mdomo." Nao mlango unajifunga, kaka!