Mkono Mbovu na Mke wa Uvira

Jumatatu, 11 Novemba 1996

Nimeanguka. Nimeanguka vibaya! Naandika kwa mkono wa kushoto na herufi zote zimelala chali.

Saa mbili asubuhi nilikuwa nateremka na baiskeli kwenda mwaloni Katonga kununua dagaa. Breki sina tangu Pasaka. Huwa nabana tairi la nyuma kwa ndala, na haijawahi kuniangusha. Leo kulikuwa na mvua. Ndala ikachomoka, ikaenda zake, nami nikaenda zangu. Nimeligonga gari la shirika la wakimbizi. Lilikuwa limesimama. Dereva alikuwa mgahawani anakunywa chai. Chini ya gari kulikuwa na kuku amelala, na hata hakushtuka.

Kifundo cha mkono wa kulia kimevimba kama andazi. Dada Skolastika, ninayekaa kwake hapa Ujiji, amesema nisikande, nisipake kitu, niende polisi nichukue PF3, ile fomu ya majeruhi, kisha hospitali. Nimemwitikia vizuri. Nimekwenda. Mlangoni nimemwona askari yule yule aliyenisimamisha Septemba kwa ajili ya breki. Nimegeuka.

Tena nina haraka zangu. Jumamosi nakwenda Rusimbi kwa Mzee Feliksi kumposa binti yake, Verediana. Mshenga ni baba mdogo Thobias. Leonardi, fundi redio, naye anamtaka, na ndugu zake wanakwenda Jumapili. Nimemtangulia siku moja. Moja tu! Lazima Mzee anione mtu mzima, wa kuaminika, asiyegonga magari yaliyosimama.

Jumanne, 12 Novemba

Sijalala. Mkono unapwita. Skolastika ameniamsha kwa neno moja: PF3. Nikamwambia bado natafakari.

Leonardi amepita kunipa pole. Akasema kwa huruma nyingi kwamba mwanamume asiye na mkono wa kulia hawezi hata kuchimba choo. Amesema hivyo mbele ya majirani. Mshenzi.

Lakini nimepata akili! Watu wanakimbia vita Zaire na kushuka hapa kila siku kwa maboti, na pale kituo cha mapokezi kuna hema la matibabu. Ukifika unafungwa jeraha palepale. Hakuna askari, hakuna PF3. Sasa mimi nimefanya biashara ya dagaa na watu wa Uvira miaka minane. Maneno yao ninayo. Mkono mbovu ninao. Nini kinakosekana?

Jumatano, 13 Novemba

Ushindi!

Karani anaitwa Melania, dada mpole mwenye miwani. Nimemwambia naitwa Dismasi, muuza dagaa, natoka Uvira na mukono inaniuma mingi. Akanitazama kidogo, akaandika. Akauliza niliumiaje. Nikasema nilianguka nikikimbia. Huo si uongo, nilikuwa nakimbia sana. Muuguzi amenifunga bandeji safi, akanipa vidonge, akasema lazima nikapigwe picha ya mfupa. Nimemshukuru. Nitaangalia.

Hapo ningeondoka. Lakini nikaona wenye familia wanapewa mablanketi mawili na sufuria. Nikamkumbuka mama mkwe. Nikamwambia Melania nina mke na watoto wanne, tumepotezana njiani. Akaweka kalamu chini. Machozi yakamlengalenga. Akataka majina yao. Sikuwa nimejiandaa! Jina la mke likatoka lenyewe: Verediana. Watoto nikawapa majina ya wateja wangu.

Nyuma yangu kwenye foleni alikuwapo mama mmoja, Rahabu, wa Uvira kweli, mtoto mgongoni. Alikuwa amesikia yote. Akanipa pole, akaniambia Mungu atawaleta, akanimegea nusu ya biskuti yake. Nimeila. Nimeona aibu, aibu ya kweli, karibu robo saa.

Jumla: mablanketi mawili, sufuria moja, nusu biskuti.

Alhamisi, 14 Novemba

Skolastika ameona sufuria. Balaa! Ameniambia kwamba hivyo ni vitu vya watu waliokimbia risasi, nivirudishe leo. Nikamwambia nitavirudisha Jumatatu, baada ya posa. Akauliza mtu anarudishaje zawadi aliyokwisha kumpa mama mkwe. Hilo sikuwa nimelifikiria. Lakini sikumwonyesha.

Mkono umekuwa wa zambarau. Vidonge vimekwisha.

Ijumaa, 15 Novemba

Gari la shirika limezunguka Ujiji mchana kutwa na kipaza sauti. Jirani ameniambia wanatafuta jamaa za wakimbizi waliopotezana: wanataja majina, mtaa kwa mtaa, na kesho wako Rusimbi. Kazi nzuri sana. Nimewaombea wafanikiwe.

Nimeazima koti la shemeji, mume wa Skolastika. Mikono yake mirefu, bandeji haionekani. Kesho ndiyo siku!

Jumamosi, 16 Novemba

Nitajaribu kuandika kwa utaratibu.

Tumefika saa nne. Baba mdogo Thobias amesema vizuri sana. Mama mkwe amepokea mablanketi kwa vigelegele. Kisha Mzee Feliksi akanipa glasi ya togwa kwa mikono miwili, nami nikaipokea kwa kushoto. Kwa kushoto! Mbele ya wazee wa ukoo! Wa kulia haukuinuka. Mzee akakunja uso. Baba mdogo akasema kijana ameumia kidogo, ni kazi. Mzee akalainika. Akaanza kuuliza mahari itazungumzwa lini. Nilikuwa nimebakiza hatua moja!

Ndipo kipaza sauti kikapita dirishani. Anatafutwa Verediana, mke wa Dismasi wa Uvira, muuza dagaa aliyeumia mkono wa kulia, mama wa watoto wanne.

Mzee akautazama mkono wangu. Akamtazama Verediana, aliyekuwa anaingia na chai. Akauliza polepole: wanne?

Ningeweza kukana. Lakini Melania alikuwa ameniona dirishani. Akaruka garini, akaingia mbio hata bila kupiga hodi, akalia kwa furaha kwamba nimempata. Akamkumbatia Verediana na birika lake. Akauliza watoto wako wapi. Mzee Feliksi akaanza kusema Kiha kitupu. Baba mdogo akatokea mlango wa uani na sijamwona tena.

Nikaeleza. Nimeeleza yote, kwa kuwa hapakuwa na pa kupita. Melania akavua miwani, akaifuta, akakunja mablanketi bila kuniangalia, akasema yana wenyewe. Hilo limeniuma kuliko mkono.

Na Verediana? Amecheka! Amecheka mpaka amekaa chini. Kisha akamwomba baba yake ampe wiki moja kabla ya kuwapokea akina Leonardi. Mzee akakubali kwa shida. Sharti: nilete karatasi ya shirika, yenye mhuri, kwamba sina mke wala watoto katika daftari lao. Nisipoileta kufikia Jumamosi, Leonardi anapewa kiti changu.

Nampenda Verediana. Nilikuwa nampenda, lakini leo nimezidi.

Jumapili, 17 Novemba

Skolastika amenipeleka polisi mwenyewe, amenishika sikio njia nzima. PF3 imechukua dakika kumi. Kumi! Askari hakuuliza breki. Ameuliza kama naumia.

Hospitali wamepiga picha. Mfupa una ufa. Daktari akauliza nimeumia lini, nikasema Jumatatu. Akauliza nilikuwa wapi siku zote hizo. Skolastika akaanza kumweleza tangu mwanzo, na wauguzi wakaja kusikiliza. Nimefungwa plasta, wiki sita.

Jumatatu, 18 Novemba

Sufuria imerudi. Melania amekuwa mwungwana kuliko ninavyostahili. Amesema niende kesho ofisini, nimweleze mkubwa wake ukweli, niombe radhi, jina litakatwa na karatasi nitapewa siku hiyo hiyo. Skolastika amesema niende. Verediana ameleta salamu: sema ukweli, tena haraka.

Nimefikiri sana. Ukweli una maswali mengi mno, na mkubwa wake nasikia ni mkali.

Nikamdadisi mlinzi wa getini. Kasema majina hukatwa kila siku bila maswali, kwa sababu mbili tu: mtu karudi kwao au mtu kafa. Kurudi kwao kunataka boti. Basi, Dismasi wa Uvira amefariki! Kesho nakwenda kutoa taarifa mimi mwenyewe, kama kaka wa marehemu. Nitavaa kofia ya shemeji. Plasta nitaificha kwenye koti.

Najua watauliza mjane na wale watoto wanne wataachiwa nani. Safari hii nimejiandaa. Kaka mtu hawezi kusitasita mbele ya makarani, ataonekana hana utu. Nitasema waandikwe kwa jina langu, mjane na watoto, wote watano.