Makochi ya Kamati

Jumapili, 27 Aprili

Neema imeshuka! Baada ya misa ya kwanza chama chetu cha akiba na mikopo kilifanya mkutano ukumbini, wakatangaza mpango mpya. Mwanachama aliyezidiwa na deni anaomba, chama kinamlipa mdai wake lote, naye anakirudishia chama pole pole kwa misimu mitatu. Kwa mkataba wenye muhuri. Nilikaa wima. Huyo ni mimi kabisa.

Niandike ukweli, maana hapa hasomi mtu. Mwaka jana nilichukua fedha kwa Leodegar mwenye mashine ya kukoboa, kwa ahadi ya kumlipa magunia ya mpunga nikivuna. Mpunga ukachukuliwa na mafuriko. Fedha nilishazila. Nisipomlipa hadi mwisho wa Juni, atalilima shamba letu la Kivukoni misimu miwili. Nimeandika "letu". Ni la Digna, mke wangu, aliachiwa na marehemu baba yake. Hilo silifikirii.

Mwenyekiti, Mama Levina, akasema kamati itapita nyumbani kwa kila mwombaji kuangalia kama ana uwezo wa kulipa. Hapo hapo nikanyanyuka. Wengine walibaki kusikiliza yaliyosalia, wakiwemo Digna, ambaye naye ni mwanachama, na kaka yake, shemeji yangu Fulgence, ambaye naye anadaiwa na naye ataomba. Abaki tu. Mimi ni mtu wa vitendo.

Jumatatu, 28 Aprili

Digna amerudi shambani alfajiri. Mpunga umeanza kukomaa na ndege wanaushukia makundi kwa makundi. Kabla ya kuondoka aliniambia kuwa nilipotoka ukumbini mwenyekiti alisema jambo jingine, tena la muhimu. Nikamjibu kwamba mpango nimeuelewa wote. Akasema siwezi kuelewa nisichokisikia. Nikamweleza kuwa kusikia na kuelewa ni vitu viwili tofauti. Akaniangalia kama anavyomwangalia kuku aliyeingia jikoni, akabeba sufuria lake akaenda.

Nimewaza siku nzima. Kamati ikikuta nyumba ya fukara, itasema huyu hatalipa. Ikikuta nyumba ya mtu aliyejipanga, itagonga muhuri. Kwa hiyo uwezo lazima uonekane. Uwezo sina. Lakini unakopesheka!

Jumatano, 30 Aprili

Nimechukua kausha damu. Watu wanaiogopa mikopo hii kwa sababu ya jina tu. Ofisi yao ni chumba kimoja na feni, na haikuchukua hata nusu saa. Rejesho ni kila Jumatano, kuanzia ijayo. Atakayekuja kuchukua ni binti anaitwa Teddy, ana adabu sana, alinisalimia shikamoo mara mbili. Binti kama huyu hawezi kumkausha mtu damu.

Moja kwa moja hadi kwa Obed fundi seremala. Nimetoa kianzio cha makochi. Kilichobaki nitalipa kidogo kidogo.

Ijumaa, 2 Mei

Makochi yamefika kwa guta la magurudumu matatu! Rangi ya maziwa, maua ya dhahabu. Mlangoni yakagoma. Tukang'oa fremu, yakaingia, fremu ikakataa kurudi. Sebule imejaa mpaka meza imehamia uani. Nailoni sijaitoa, nani anatoa nailoni?

Na baiskeli mpya nimeichukua dukani kwa mali kauli, nitalipa baadaye, nayo ina nailoni yake kuanzia usukani hadi kwenye kiti. Jioni akapita Fulgence na lile baiskeli lake lisilo na breki, analisimamisha kwa ndala. Akauliza nimepata wapi vitu vyote hivi. Nikamjibu neno moja tu, mipango. Akakuna kichwa. Akasema yeye tangu Februari hajachukua hata sabuni kwa mkopo, na sasa hachukui mpaka kamati ipite kwanza. Nikamhurumia. Mtu mzima ananuka moshi kwa kukosa sabuni, halafu anataka kamati imwamini.

Jumapili, 4 Mei

Nimeenda misani kwa baiskeli. Kutoka kwangu hadi kanisani ni mwendo mfupi, unapiga mwayo mmoja umefika, lakini lazima watu waone. Waliona. Niliteleza kwenye tope mbele ya wanakwaya wote. Nailoni ilisaidia sana, baiskeli haikuchafuka. Mimi sikuwa na nailoni.

Limetolewa tangazo kuwa kamati inapita Jumatano. Nimechukua kreti ya soda na jogoo mmoja kwa Dativa wa genge. Ameniandika kwenye daftari lake la madeni. Kapendezwa sana na baiskeli.

Jumatano, 7 Mei

Sina nguvu ya kuandika. Nitaandika.

Walikuja watatu, Mama Levina, Mzee Dionisi na karani. Nikawakalisha kwenye makochi. Mzee Dionisi, kwa jinsi nailoni inavyoteleza, alikuwa anashuka taratibu hadi chini, anajivuta juu, anashuka tena. Wakanywa soda. Wakala jogoo. Mama Levina akauliza makochi haya ninayo tangu lini. Nikasema ya siku nyingi. Karani akaitazama nailoni. Nikaeleza kuwa mimi ni mtunzaji. Wakatikisa vichwa kukubali, maana nusu ya Ifakara inakalia nailoni tangu harusi zao. Nilikuwa nashinda! Nilikuwa nashinda wazi wazi!

Pikipiki ikasimama nje. Kwa sababu mlango hauna fremu, hapakuwa na cha kufunga. Akaingia Teddy. Adabu yake yote. Akawasalimia wageni mmoja mmoja, akamshika Mama Levina mkono kwa mikono miwili, kisha akanigeukia.

"Baba Rosa, nimefuata rejesho la kwanza. Ni lile la mkopo wa juzi."

Mama Levina akaweka soda chini. Akamuuliza Teddy, kwa upole, juzi ni lini. Teddy akamjibu vizuri, na tarehe. Karani akauliza na baiskeli je. Nikakohoa. Ndipo nikasomewa lile jambo jingine la mkutanoni, nililoambiwa na Digna kuwa ni la muhimu. Aliyekopa popote ndani ya miezi mitatu kabla ya kuomba, ombi lake linasubiri hadi miezi mitatu ipite bila deni jipya. Hata mali kauli inahesabiwa. Mama Levina akafafanua kuwa anayekopa huku anajiandaa kulipiwa deni, wao wanamuona kama hajakusudia kulipa.

"Baba Rosa," akasema, "yaani umekopa ili tuone huna shida?"

Ukisema hivyo kweli inasikika vibaya.

Miezi mitatu ni Agosti. Leodegar ni Juni. Shamba la Digna. Nimekaa kwenye makochi peke yangu na kwa mara ya kwanza nimelifikiria hadi mwisho, na machozi yamenitoka, yakatiririka juu ya nailoni bila kuingia ndani. Nailoni nzuri sana hii.

Alhamisi, 8 Mei

Digna amekuja. Fulgence ndiye aliyempelekea habari, kwa baiskeli ile ile, na yeye kapitishwa! Digna hakunigombeza. Ni afadhali angenigombeza. Aliangalia makochi, akaangalia mlango, akaoga, akavaa kitenge chake cha misani, akatoka.

Jumamosi, 10 Mei

Shamba limepona! Digna ni mwanachama kwa jina lake, shamba ni lake, na hajakopa hata chumvi. Aliomba yeye, deni langu kwa Leodegar akalifanya lake. Kamati ilimfuata shambani, ikakuta mpunga umesimama vizuri na yeye ana kombeo mkononi. Leo amesaini. Leodegar atalipwa na chama. Nilimshukuru mpaka sauti ikakatika. Akasema asante yangu anaitaka kwa vitendo.

Makochi yamerudi kwa Obed, ambaye kakata sehemu ya kianzio kwa sababu ya mshono uliofumuliwa na Mzee Dionisi. Baiskeli imerudi dukani na tope kidogo. Nimeuza redio yangu, Teddy na Dativa wamemalizana na mimi. Sasa mimi ndiye nitafukuza ndege hadi mavuno, na Digna atakaa mjini. Nimeapa mbele yake na mbele ya Fulgence. Miezi mitatu, hata kiberiti sikopi.

Jumanne, 13 Mei

Kivukoni, kibandani. Mkono unauma kwa kombeo. Lakini moyo mweupe! Nimebadilika kabisa. Toka Jumamosi sijakopa kitu chochote, kwa yeyote. Nimejisikia mtu mpya, nikataka kumpigia Digna nimweleze.

Salio halikuwepo. Nikakopa kidogo kwenye simu.

Salio si mkopo. Halina rejesho la Jumatano, halikaliwi, halina nailoni. Digna alifurahi kusikia habari yangu, kisha akauliza salio nimelipata wapi. Mtandao wa huku unasumbua sana, nikakata.

Mara ukaingia ujumbe. Wananiambia mimi ni mteja mwaminifu na kiwango changu cha kukopa kimepanda! Kamati iliniona sifai, simu imeniona. Nimekopa tena kidogo, nimpigie Fulgence nimweleze jinsi nilivyoacha kukopa.