Kikao cha Kumshirikisha Mgonjwa

Hospitali ilitangaza rasmi kwamba kuanzia siku hiyo mgonjwa wa akili atashirikishwa kikamilifu katika matibabu yake, ilimradi asivuruge kikao.

Aliyeteuliwa kushirikishwa ni Fundi, mama mshonaji aliyelazwa wodi ya wanawake. Alimshukuru Mungu. Haja yake ilikuwa moja tu: apunguziwe dawa. Zile sauti zilikwisha kunyamaza, ila mikono ilimtetemeka hata uzi haupiti kwenye sindano, na nyumbani kwake cherehani ndiyo sufuria.

"Anaendeleaje?" daktari alimuuliza kaka yake Fundi, aliyeitwa kikaoni.

"Naendelea vizuri," Fundi alijibu, "ila mikono..."

"Mama, subiri ushirikishwe," Mkurugenzi wa hospitali, aliyeongoza kikao, alisema kwa upole. "Kwanza mazoezi. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mimi nitakuwa mgonjwa, wewe uwe daktari."

Fundi akakalia kiti cha daktari. Kazi yenyewe aliijua, ameitazama miaka. Hakumwangalia mgonjwa hata kidogo. Alimgeukia mke wa Mkurugenzi, aliyekuja kumletea mumewe miwani.

"Dada, huyu analala?"

"Thubutu! Usiku kucha anasema kuna watu wanakitaka kiti chake."

"Wewe mama watoto!"

"Na anapandisha sauti," Fundi aliwaambia wajumbe. Wakatikisa vichwa kwa huruma ya kitaalamu.

"Mimi ni Mkurugenzi hapa!"

"Hata nyumbani ndivyo anavyosema," mkewe alieleza.

"Pole, dada. Tutamwongezea dawa."

Mkurugenzi akaruka kitini. "Mbona mnamuuliza yeye? Niulizeni mimi! Ninavyojisikia ninajua mwenyewe!"

Katibu akasafisha koo. "Hoja nzito ya Mkurugenzi: mgonjwa aulizwe mwenyewe. Wanaounga mkono?"

Mikono yote ikapanda, na wa mke ukiwemo. Daktari, kwa kutii azimio, akamtazama Fundi usoni kwa mara ya kwanza tangu alazwe.

"Haya mama, mikono inakusumbuaje?"

Akasimuliwa, akasikiliza mpaka mwisho, akauliza tena. Wakakubaliana dawa ipungue kidogo kidogo, huku wakiangalia pamoja hali yake.

Mkurugenzi, jasho likimchuruzika, akaomba kutoka nje apunge upepo.

Muuguzi akamgeukia mke wa Mkurugenzi. "Shemeji, tumruhusu?"

"Mruhusuni," mke alisema. "Lakini asiende peke yake."