Maji ya Chokaa na Posa ya Asmahani

Jumamosi, 6 Septemba 2025

Siku mbaya. Debe la asali la Asmahani limepotea stoo. Wanaume tulioingia kwake leo ni wawili tu, mimi na Abasi, fundi cherehani. Wote tunamtaka mjane huyu. Kaka yake, Mzee Idrisa, atatamka Jumatano posa ya nani inapokelewa. Amesema mwenye mkono mrefu asijisumbue kuja, na aliposema hivyo alinitazama mimi. Mimi! Niliyetunza maabara ya shule miaka kumi na tisa bila kupoteza hata kibiriti.

Abasi naye akaniamkia shikamoo, kwa sauti, Asmahani akisikia. Nimemzidi miaka miwili tu! Nikaitika marahaba huku nikijiona naitwa kaburini.

Jumapili, 7 Septemba

Nimepata dawa. Chokaa, hii hii ya kupaka kuta. Unaikoroga kwenye maji, unaiacha itulie, unachota ya juu. Yanakuwa maangavu, huwezi kuyatofautisha na ya kunywa. Ukiyapulizia kwa mrija yanageuka kama maziwa, kwa sababu pumzi ina hewa ya ukaa, na hewa hiyo ikikutana na chokaa inafanya unga wa chaki. Pumzi ya kila binadamu. Ya shehe, ya padri wa Kipalapala, ya mtoto mchanga.

Lakini hapa Isevya nani anajua? Nimemwambia Mzee Idrisa kuwa ni kipimo cha kitaalamu, kwamba pumzi ya mwizi huchafua maji. Amekubali. Abasi atapewa maji ya chokaa. Mimi nitapewa ya kisima.

Jumatatu, 8 Septemba

Nimejaribu. Hayakugeuka. Nimepuliza mpaka masikio yakaziba.

Kosa langu. Beseni niliacha wazi tangu jana, na juu kumetanda utando mweupe. Hata hewa ya kawaida ina ukaa kidogo, na huo kidogo umeimaliza chokaa yangu yote. Nimeshindwa na hewa tupu. Nimekoroga upya, nikatia kwenye chupa, nikakaza kizibo.

Jumanne, 9 Septemba

Nimemwelekeza Asmahani. Glasi ya kulia ampe Abasi, ya kushoto anipe mimi. Akanikaribisha chai na mihogo. Akauliza kama kweli naamini Abasi ni mwizi. Nikajibu kuwa sayansi ndiyo itakayosema. Akaniongezea chai bila kunitazama, nami nikachukulia kuwa ni mapenzi.

Sijalala mchana. Nikimkosa huyu, nitakula peke yangu mpaka nife.

Jumatano, 10 Septemba

Nimekwisha.

Asmahani alileta sinia vizuri kabisa, akamwelekea Abasi. Abasi akachukua glasi ya kulia, akaikamata kwa mikono miwili, akainama, akanipa mimi. Akasema mkubwa kwanza. Mbele ya Mzee Idrisa! Glasi ya heshima unaikataaje? Nikaipokea. Nikapuliza polepole, kama mtu anayepoza uji wa mgonjwa. Maji yakawa maziwa.

Abasi akapuliza ya kisima kwa nguvu zake zote. Yakabaki vilevile. Mzee Idrisa alisema hakuna haja ya maneno, akanionyesha viatu vyangu mlangoni.

Alhamisi, 11 Septemba

Siwezi kuitwa mwizi. Nimekwenda asubuhi na chupa yangu. Nimewaeleza yote, chokaa, pumzi, hewa ya ukaa. Nikamwomba Mzee Idrisa apulize. Meupe! Asmahani akapuliza. Meupe! Nilitaka kucheza. Mnaona, nikawaambia, kipimo hiki hakina maana yoyote, mimi sina hatia.

Asmahani aliitazama glasi mpaka unga ukatuama chini.

“Kwa hiyo ulijua,” alisema. “Ulijua tangu mwanzo, na ukataka mwenzako aitwe mwizi ndani ya nyumba yangu.”

Hapo hapo simu yake ikalia. Ni dada yao, aitwaye Tatu, kutoka Goweko. Anashukuru kwa asali, aliibeba mwenyewe Jumamosi, akasahau kuaga. Hapakuwa na mwizi. Palikuwa na mimi tu.

Jumamosi, 13 Septemba

Posa ya Abasi imepokelewa. Nimelia, wala sioni aibu kuandika.

Nimekaa kutwa kitandani nikitafuta nilipokosea. Jioni nimepaona. Sinia! Glasi ningezigawa kwa mkono wangu mwenyewe.

Nasikia huko Bukene yuko mjane, Doto, anayeibiwa kuku. Kuna mzee mmoja anamzunguka kwa posa. Ni mkubwa kwangu kwa miaka minane, kwa hiyo glasi ya kwanza itakuwa yake kwa haki kabisa. Nimeshafunga chokaa kwenye mfuko, nasubiri treni tu. Mzee huyo ni mwalimu mstaafu. Wanasema alikuwa anafundisha kemia, lakini ni zamani, atakuwa ameshasahau.