Radio Iko kwa Fundi

Jumatatu, 2 Agosti 1971. Ngombezi.
Radio imekwenda. Habakuki, mwenzangu wa zamu pale kiwanda cha katani kwenye mashine ya brashi, ameichukua kwa karata. Nilikuwa na ree mbili, karata kubwa kuliko zote! Mtu mwenye ree mbili anashindwaje? Hata wenzetu waliokuwa wakitazama walinipa pole. Nimemwambia mke wangu Zamda kwamba radio iko kwa fundi, Korogwe mjini. Itarudi kabla hajazoea kuikosa. Mpango ninao.

Jumatano, 4 Agosti.
Zamda alipita kwa fundi akitoka sokoni. Fundi hajui habari ya radio. Nikamwambia huyo fundi ni msahaulifu sana. Jioni tulikuwa tunakula, taarifa ya habari ikasikika kutoka chumba cha Habakuki, safu ya pili ya makambi ya wafanyakazi. Zamda akaacha kutafuna. Akasema ile ni radio yetu. Nikasema radio zote sauti ni moja. Akasema ni yetu tu inayokoroma msomaji akivuta pumzi.
Sikumaliza ugali.

Ijumaa, 6 Agosti.
Mpango ulikuwa safi: baiskeli yangu kwa radio, mchezo mmoja tu, halafu basi. Nilitoka kuswali nikiwa na moyo mweupe. Niliona dalili njema tatu njiani, moja ikiwa kinyonga.
Baiskeli imekwenda.
Nimerudi kwa miguu. Habakuki alinipita akipiga kengele. Yangu!

Jumamosi, 7 Agosti.
Siku mbaya. Tuna mabati kumi, ya nyumba yetu katika kijiji kipya cha ujamaa upande wa Handeni. Ndugu zake Zamda wameshahamia, wametukatia hadi nguzo. Nilitaka kuazima manne tu, kwa saa moja. Nikamkuta Zamda amekaa juu yake, amempakata binti yetu Mashavu.
Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningejua la kufanya.
Aliniuliza, “Baba Mashavu, ukirudishiwa vyote leo, radio na baiskeli, utaacha?”
Nilitaka kusema ndiyo. Mdomo ulifunguka kabisa. Halafu nikaona karata mbele ya macho yangu, zinachanganywa, nikaufunga. Akasema basi mimi ni mgonjwa, na mgonjwa hapigiwi kelele, ila yeye na mtoto hawatalala nje kwa ajili ya ugonjwa huo. Nisipotafuta msaada, lori la wanaohamia Handeni litamchukua yeye, Mashavu na mabati. Mimi nitabaki na safu za makambi.

Jumapili, 8 Agosti.
Zamda amenipeleka kwa Mzee Mdoe, aliyekuwa akifanya kazi stesheni ya Korogwe. Nilimwamkia nikitazama ukuta. Nilingoja mahubiri. Hakuhubiri. Alisema yeye alicheza kamari miaka kumi na moja, akacheza ng'ombe, akacheza kitanda cha harusi, mke akaondoka akiwa amejifunga khanga moja. Alisema si upumbavu wala uchache wa dini. Ni kitu kinachokuambia mchezo ujao ndio wako. Ukishinda kinakuambia hivyo, ukishindwa kinakuambia hivyo hivyo.
Nikamuuliza amekijuaje changu.
Masharti yake: mshahara apokee Zamda. Nisipite safu ya pili. Saa ya karata niwe barazani kwake, nizungumze. Tamaa ikipanda nitembee hadi mtoni na kurudi, kwani hupanda na hushuka kama homa.
Macho yangu yalitoa machozi. Vumbi la katani.

Jumatano, 11 Agosti.
Nimekwenda mtoni mara nne. Watu wanadhani navua samaki. Mikono yenyewe inachanganya hewa kana kwamba ni karata. Lakini jana nililala usingizi kamili, na leo Zamda amenipa kipande kikubwa cha muhogo. Niliuona ukubwa wake.

Ijumaa, 13 Agosti.
Nafika barazani, nani amekaa kwenye kigoda changu? Habakuki! Naye anataka kuacha. Amelia mbele ya Mzee Mdoe kuliko nilivyolia mimi. Halafu akarudisha radio na baiskeli, bila kuombwa, eti moyo umemsuta. Zamda amesema Habakuki ni muungwana kweli. Akampa muhogo.
Kile kipande kilikuwa kikubwa kuliko changu.

Jumapili, 15 Agosti.
Mzee Mdoe amemsifu Habakuki mbele ya wote waliokuwa barazani. Habakuki, mwenye siku mbili! Mimi nina siku saba, nimesifiwa kwa kutembea.
Tulitoka pamoja. Karibu na reli nikamwambia kwa upole kwamba hatafika mwisho wa mwezi. Akajibu kwamba mimi ndiye nitakayeanguka kwanza. Nikamwambia aseme tena. Akasema tena.
Basi tumekubaliana: viatu vyangu vya ngozi kwa koti lake la sikukuu. Wa kwanza kushika karata ameshindwa. Hii si kamari, karata hamna kabisa. Tena inatusaidia sote kuacha. Mzee Mdoe atakuwa shahidi, tutamweleza kesho, tukipata namna nzuri ya kuanza.
Nimemjua Habakuki miaka sita, hana uvumilivu. Nimeongeza na mkanda. Safari hii siwezi kushindwa.